Njia ya Elia Kutoka London

Jumatatu, 18 Aprili
Uji nusu kikombe. Umekaa tumboni. Mvua tangu alfajiri, mlima hauonekani. Barua ya Elia imefika: masomo ya udaktari huko London yamekwisha, amekata tiketi ya meli. Wiki tatu hadi Mombasa. Hana haraka, maana nilimwandikia kuwa nina mafua tu.
Sina mafua. Ninakufa. Nilimdanganya mwanangu kwa kiburi.

Jumanne, 19 Aprili
Nimepima ramani kwa uzi. London hadi Nairobi, maili elfu nne na zaidi. Kwa ndege ni usiku mmoja na mchana karibu wote, pamoja na kutua njiani. Kutoka Nairobi hadi kwetu ni lori, kupitia Namanga mpakani. Nilifundisha jiografia miaka mingi. Sikuwahi kuipima njia kwa ajili ya mtu. Mama Elia alinitazama akacheka kidogo. "Baba Elia, uzi wako haujui matope ya Namanga."
Niandike ninachokiogopa. Elia alipoondoka, mama yake alileta maziwa ili nimbariki kwa kumtemea kifuani, kama baba yangu alivyonifanyia mimi. Nilikataa mbele ya wageni. Mimi mwalimu, mzee wa kanisa. Nikampa mkono, kama mtu wa ofisini. Watoto wa shule niliwafundisha kuwa ule ni ushenzi. Sasa nautaka, na posta haiwezi kuupeleka.

Jumatano, 20 Aprili
Nilimtuma binti yangu Ruthi mjini kupiga simu ya maandishi. Nikamwambia aandike: Baba mgonjwa. Hakuondoka mlangoni.
"Baba, kwa maneno hayo atapanda meli."
Nikasema basi, andika ninakufa. Aliandika bila kuniangalia.

Alhamisi, 21 Aprili
Hakuna jibu. Maumivu. Nimemfokea Mama Elia bure.

Ijumaa, 22 Aprili
Jibu limekuja. Anapanda ndege leo jioni.
Sasa hofu nyingine. Chuma kizito vile, hewani, gizani, na mwanangu ndani. Ni mimi niliyemwita. Siwezi kuomba sala moja ikaisha.

Jumamosi, 23 Aprili
Asubuhi nilikisia yuko Khartoum. Adhuhuri nikaacha kukisia. Mvua kubwa.

Jumapili, 24 Aprili
Ndege ilitua Nairobi jana, Ruthi ameambiwa kanisani na mtu aliyepigiwa simu kutoka huko. Malori yamekwama Namanga. Maili elfu nne zimekwisha, zimebaki hizi chache za kwetu.
Nimejaribu kutema kwenye kitambaa. Hakuna kitu. Mdomo umekauka kama jivu. Akifika nitambariki kwa kitu gani? Sikumwambia mtu.

Jumatatu, 25 Aprili
Amefika. Lori lilimwacha chini barabarani, akapanda kwa miguu, matope hadi magotini. "Shikamoo, baba." Marahaba haikutoka.
Mama Elia alinilowesha midomo kwa maziwa. Elia akapiga magoti, akafungua vifungo vya shati mwenyewe. Nikamtemea; maziwa yalitoka kidogo, mengine yalinishukia kidevuni. Alinipangusa mimi. Kifua chake hakukipangusa.
Amelala sakafuni kando ya kitanda, viatu miguuni. Ruthi alitaka kumvua, nikamwashiria amwache. Anakoroma kama alivyokoroma utotoni. Mvua imepungua. Nasikia maji ya mfereji migombani.