Bima ya Bibi Torvik Iliyokaribia Kufa

KITUO CHA POLISI, CLOQUET, MINNESOTA
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Gary Niemi
Umri: Miaka 56
Kazi: Msimamizi wa utiaji saini wa mikopo ya nyumba
Makazi: Cloquet, upande wa mtoni

Natoa maelezo haya kwa hiari yangu nikiwa na akili timamu, ingawa kuhusu hilo la akili mke wangu angependa aulizwe kwanza.

Mnamo tarehe 14 Januari, Bibi Ardis Torvik, mjane wa miaka 78, alitia saini ofisini kwangu kuhamishia mkopo wa nyumba yake kwenye benki yenye riba nafuu. Benki ya zamani ilikuwa ikimkata kila mwezi na kumwekea akiba ya kulipia kodi ya majengo ya serikali na bima ya nyumba. Mkopo ukihama, benki ile huacha kulipa. Bima ilikuwa karibu kuisha, hivyo ilikuwa juu yangu kuilipa siku ileile. Fedha nilizitenga, ila nikaziweka fungu la kodi, ambayo haidaiwi mpaka Mei. Nina miaka mingi kwenye kazi hii, na miwani mipya.

Leo, tarehe 6 Februari, wakala wa bima alinipigia simu kwamba bima ya Bibi inakufa usiku wa leo. Paa lake lina barafu nene kama godoro, naye hupasha nyumba joto kwa jiko la kuni. Fedha zilikuwapo, ilihitajika saini yake tu ili nizihamishe fungu kabla wakala hajafunga saa kumi na moja jioni.

Saa tisa alasiri nilifika kwake. Nikasema, "Bibi, kuna kosa dogo. Tia saini hapa haraka, leo ndiyo mwisho."

Sikujua kwamba wiki iliyopita maktaba iliwafundisha wazee kuwatambua matapeli, na tapeli wa mfano alisema maneno hayohayo.

"Ngoja nichukue miwani, baba," akasema, akaniacha kwenye kibaraza chake cha vioo. Akafunga mlango wa ndani, akatokea mlango wa nyuma, akazunguka kwenye theluji, akanifungia na wa nje. Kisha akawapigia simu ninyi polisi.

"Bibi, ni mimi Niemi! Tulikunywa kahawa ofisini!"

"Kwani matapeli hawanywi kahawa?"

Baadaye kidirisha kikafunguka. Akanipitishia kikombe na sahani ya keki. "Kula. Utapeli wako ni jambo moja, baridi ni jambo jingine."

Nilikula vipande vinne.

Sajenti Hokanson alifika saa kumi kasoro robo. Nikamwomba Bibi asiniamini mimi wala karatasi zangu, ampigie wakala mwenyewe kwa namba iliyo kwenye bima yake. Alipiga. Nilimwona kupitia kioo akikaa chini, mkono kifuani, akitazama dari. Hapo utani uliniisha.

Alifungua, akatia saini.

"Kumbe kosa ni lako?"

"Lote, Bibi."

"Basi wewe si mwizi. Ni mzembe tu."

Ikabaki kuondoka, na kwetu huku mtu haondoki hivihivi. Mlangoni alimuulizia mama yangu. Akanifuata hadi kwenye gari, akaanza habari za goti la dada yake. Nami nimelelewa hukuhuku, sikuweza kumkatiza. Nikauliza ni la kushoto au la kulia.

Sajenti akatazama saa. "Bibi, akiondoka sasa, nyumba yako ina bima. Akingoja mmalize kuagana, haina."

"Nenda basi, mbona umesimama?" Bibi akanisukuma begani.

Sajenti alinitangulia kwa gari la polisi. Malipo yalipokelewa zikiwa zimebaki dakika saba. Nilipompigia Bibi, alipenga kamasi, akasema leo atalala. Sina lalamiko lolote kuhusu kufungiwa.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyatenda. Nimesomewa, nimeyakubali.

Sahihi: G. Niemi

Maelezo ya afisa: Bibi Torvik ameondoa lalamiko lake. Mimi pia nilihamisha mkopo wa nyumba yangu Desemba, mbele ya shahidi huyuhuyu. Kabla ya kufunga jalada nimempigia wakala wangu. Bima iko hai.
Sajenti M. Hokanson