Samaki wa Nzi wa Uzi

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Limehifadhiwa kwa ajili ya mtoto
Umri: Miaka 24
Kazi: Fundi cherehani
Makazi: Nyumba ya kupanga, nyuma ya machinjio

Mimi ni mama wa watoto wawili, wa kike wa miaka mitatu na wa kiume ambaye bado ananyonya. Naishi na mume wangu na mdogo wake, ambaye tangu mwaka jana analala sebuleni kwetu. Huyo shemeji ndiye ninayemlalamikia. Mtaani wanamwita Mlaji, kwa sababu anavua na kula chochote kinachopatikana hapa mjini, anajirekodi kwa simu na watu wanamtazama. Ameshakula konokono wa ukutani, panzi wa taa za barabarani na chura. Ngozi ya huyo chura niliikuta kwenye sufuria ya maziwa. Nilinyamaza kwa kuwa ni ndugu wa mume wangu.

Shemeji havui kwa minyoo. Anafunga manyoya na uzi kwenye ndoano mpaka ifanane na nzi, halafu anaurusha mshipi huku na huku kama mjeledi, nzi huyo atue juu ya maji. Mnamo tarehe 9 mwezi wa tatu, Jumamosi asubuhi, aliniomba uzi wa kijani wa kumeremeta uliobaki kwenye gauni la mteja. Akasema, "Samaki wa leo, shem, wanataka nzi wa kijani tu."

Nzi wa kijani nawajua. Makao yao ni kwenye kinyesi na mizoga.

Saa sita mchana nilitoka uani kuanika nepi. Nilimkuta anapasua samaki ndani ya beseni ninalomwogeshea mtoto mchanga. Maji yalikuwa ya kijivu, yana povu. Tumboni mwa samaki mmoja alitoa funza, fundo la nywele na plasta ya kidonda, pamba yake bado imeshika. Aliinua ile plasta akaisogeza karibu na simu ili watazamaji wake waione vizuri.

Nilimuuliza amevua wapi. Alijibu ni kwenye mfereji, pale bomba la machinjio linapomwaga, maana penye nzi wengi ndipo samaki wanapopanda juu.

"Shemeji, pale ni chooni."

"Shem nawe! Wanaokula matope ni kambale. Hawa wanakula juu. Tena huyu kameza nzi wangu, nzi wa uzi, hana hata kijidudu."

"Na kabla ya uzi wako alikuwa anakula nini?"

Alicheka. Akasema nina kinyaa cha kitajiri na wote tunapanga. Nilimwambia ale mwenyewe, mwanangu asimpe. Nilimwambia hivyo nikimtazama usoni.

Niliingia ndani kunyonyesha, usingizi ukanipitia. Niliamshwa na sauti ya shemeji uani: "Haya, kipenzi cha baba mdogo, waambie watu, kitamu au si kitamu?" Binti yangu akajibu, "Kitamu." Nilimkuta amekaa juu ya ndoo, mafuta mpaka kidevuni, jicho la samaki kalishika mkononi. Nilimtia kidole mdomoni lakini alikuwa ameshameza.

Jioni binti yangu alianza kutapika na kuharisha. Sasa hivi yuko wodini, ametundikiwa dripu. Ananiomba msamaha yeye, eti hatakula tena.

Leo mama mkwe alinifuata wodini akanishika mkono. "Mwanangu, sema ni uji ulikuwa umechacha. Uji haufungwi." Mume wangu alikuwepo, akawa anaangalia viatu vyake. Nilijibu, "Mama, nakuheshimu. Lakini uji wangu sikuukorogea mferejini."

Nimekuja kwa sababu shemeji ameshatangaza kwenye simu kwamba Jumamosi ijayo watoto wote wa mtaa waje kuonja. Kwenye tangazo hilo ameweka video ya mwanangu akisema kitamu.

Nimeyasema haya kwa kinywa changu, hakuna aliyenituma, na nimesomewa nikayakubali.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Maelezo ya ofisa: Nimeandika mimi, askari wa zamu. Kabla shahidi hajatia sahihi, mumewe aliingia akaomba shauri lirudi nyumbani, familia ikae kwanza. Shahidi alimkabidhi mtoto mchanga ambebe, akaomba kalamu.