Jitu la Barafu na Tanuri la Mikate

4 Machi

Kwako mjukuu wangu, mke mwenza wa bibi yako,

Marahaba. Mimi ni chuma. Bibi yako ndiye anayelalamikia goti.

Kwanza, futa yote aliyokuambia mama yako! Hadithi ya mimi kumpata bibi yako wote wanaikoroga. Eti nilivutwa polepole na harufu ya mikate. Mimi?

Unasema Ijumaa walimu wanakuhoji, ukishindwa shahada huna. Wanataka uwaeleze kwa nini sayari kubwa, zinazozaliwa mbali kwenye barafu, nyingine zinakutwa ubavuni mwa nyota, zinaiva. Basi msikilize mtaalamu.

Nilikuwa jitu la kiwanda cha barafu, huko juu mwisho wa mji. Nikipiga chafya, madirisha yanaomba radhi. Bibi yako alikuwa na tanuri la mikate bondeni. Siku hiyo nasukuma mkokoteni wa barafu, mpakizi mwenzangu, Kifaru, akanipiga kikumbo pale kilimani. Yeye akarushwa huko, hajaonekana tena! Mimi nikateremka mbio, joto la tanuri likanilamba, nikapitiliza. Tangu hapo njia yangu ikapinda: naenda mbali, narudi karibu. Na kila nikipita tanurini, mwendo unapungua, safari inafupika, mpaka nikabaki hapohapo nalizunguka.

Waambie hivyo.

Babu yako mtanashati

12 Machi

Babu, shikamoo. Bibi na goti lake wanaendeleaje?

Nimefaulu! Nilianza na maneno makavu, mkuu wao akapiga miayo. Nikasema liwalo na liwe, nikawatolea Kifaru, ile sayari jirani inayompiga mwenzake kikumbo. Walicheka mpaka miwani ikaanguka.

Mkuu akauliza, “Na huo mwendo unapunguzwa na nini?”

Nikamjibu: kila sayari ikipita karibu, nyota huivuta na kuikanda kama unga, nguvu ya mwendo inageuka joto, njia inafupika, inakuwa duara dogo. Ila Babu, hata hadithi ya mama yawezekana: sayari changa, ikiwa bado ndani ya gesi na vumbi, huvutwa polepole.

Nataka kumtumia Kifaru shati. Anakaa wapi?

Mjukuu wako

20 Machi

Mjukuu wangu,

Tu wazima, tunacheka. Bibi yako kapiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza nani kaolewa. Kinyozi nimemwambia shahada ni yangu, wewe umenishikia tu.

Shati lilete, ila lipime kwangu. Kifaru hakuwepo. Sayari zako pengine lazima zisukumwe. Mimi mkokoteni niliuachia mwenyewe, nipate sababu ya kuteremka tanurini.

Babu yako