Kebo, Dishi na Kwaya Mliyonituma Kuitazama

Makambako,
Jumanne mchana.

Mke wangu mpendwa, Mama Tumaini,

Bwana asifiwe huko Ipelele. Naamini barua hii inakukuta umesimama vizuri, na lile goti limepungua maumivu tangu uanze kulikanda. Watoto je? Na mama, bado anakataa sweta niliyompelekea, anasema ni ya kizee? Mimi mwili ni mzima. Kichwa ndicho kimevurugika, ndiyo maana naandika hapa mapokezi wageni wakiwa wametoka, kabla dereva wa viazi hajapita kuichukua barua.

Nianze na ungamo, maana najua macho yako yatarukia kwenye habari za kwaya. Sikuiona. Nisamehe, na uniombee msamaha kwa wenzako wote. Najua mlinituma. Huko hakuna umeme, na kwaya nzima ilivaa sare ikaimba mbele ya wale watu wa televisheni siku ya mavuno, lakini hakuna hata mmoja wenu atakayejiona. Mlikuwa mnategemea macho yangu. Sasa sikiliza ilivyokuwa.

Wiki iliyopita Hajji, tajiri wangu mwenye gesti, alisema wageni wamechoka kutazama chenga kwenye televisheni yetu. "Mzee wa Kanisa," ndivyo anavyoniita, "chagua wewe, kebo au dishi. Mimi malori hayanipi nafasi." Nikamwambia, Hajji, sijawahi kuwa na televisheni maisha yangu yote. Akasema, "Mkinga gani anaogopa kuchagua bidhaa? Wenzako wamejaza maduka mji mzima. Ijumaa ya wiki ijayo nataka jibu."

Wakaja mafundi wawili, wakaunganisha vyote kwenye televisheni ileile ili tujaribu mpaka hiyo Ijumaa. Wa kebo ni Mbena wa hapahapa, mtu mtaratibu. Yeye ananasa matangazo nyumbani kwake, halafu anayagawa kwa waya unaopita juu ya miti mpaka kwa wateja, kama maji ya tangi moja. Umeme ukikatika kwake, mmekatika wote. Wa dishi alitoka Njombe mjini amevaa tai. Dishi linakuwa letu wenyewe, juu ya bati letu, ila mvua kubwa ikinyesha picha inaganda. Halafu akatoa kisanduku cheusi, akasema hiki kinarekodi kwa dijitali.

Nikamuuliza, "Mkanda unaingilia wapi?"

"Hakuna mkanda, mzee."

"Sasa picha zinakaa wapi?"

"Ndani."

"Ndani wapi?"

"Ndani humohumo."

Nikaitikia kwa kichwa nisionekane mjinga, ingawa nilikuwa mjinga. Siku ya pili yake dereva mmoja wa Songea alikwenda kuswali wakati mpira unaanza, akarudi akautazama kutoka kwenye kisanduku. Mwenzake alishasikia matokeo redioni, akawa anatabasamu pembeni. Yule dereva akamwambia, "Ukifungua mdomo tutakosana. Mpira wangu mimi haujaisha." Akainua mikono anaomba timu yake ipate bao, na wachezaji wenyewe wakati huo wako bafuni wanaoga. Mama Tumaini, nilikaa nikijiuliza maombi ya namna ile Mungu anayapokeaje. Nilitaka kumuuliza mchungaji nikaona aibu.

Hapo ndipo barua yako ilipofika, kwamba kwaya itaonyeshwa Jumapili saa nne. Saa nne Jumapili mimi niko kanisani nashika kikapu cha sadaka. Siwezi kuacha zamu ya Mungu nikatazame televisheni, hata kama aliye kwenye televisheni ni wewe. Nikaona basi kisanduku hiki kimeletwa kwa ajili yangu. Tangu siku hiyo nikimuuliza fundi wa kebo maswali, namuuliza kwa adabu tu. Moyoni nilishachagua dishi, na si kwa faida ya wageni. Mali ni ya Hajji, uamuzi ameniachia mimi, na mimi nachagua kwa ajili ya mke wangu. Jambo hilo lilinichoma lakini sikulisema.

Jumamosi fundi wa dishi akanitegeshea kisanduku. Akasema muda ukifika itawaka taa nyekundu, wewe usiguse kitu. Jumapili asubuhi najiandaa kwenda ibadani, radi ikaanza kunguruma upande wa Njombe. Unajua tulivyolelewa. Nikafunika kioo cha mapokezi kwa kitenge, nikapita chumba kwa chumba nikichomoa kila kitu ukutani, pasi, redio, televisheni, na kisanduku nacho nikakichomoa. Niliona ninakilinda. Ibada nzima nilikuwa natabasamu, mpaka mzee mwenzangu akaninong'oneza, "Leo umepata nini?" Nikamwambia nitamweleza baadaye.

Sikuwa na la kumweleza. Nilirudi nikakuta ndani ya kisanduku hamna kitu. Jana fundi alipokuja akaniuliza, "Mzee, ulichomoa?"

"Radi ilikuwa inapiga."

"Sasa kingerekodi kwa nguvu za Roho Mtakatifu?"

Akacheka. Mimi sikucheka. Wa kebo naye alipopata habari akashangaa, "Ungeniambia tu. Ningekurekodia kwenye mkanda pale kwangu, ukautunza." Kwa hiyo yule asiye na kisanduku ndiye angeniokoa, kwa kuwa yeye ni mtu, unaweza kumwomba. Hapo nikachanganyikiwa zaidi.

Kumbe Hajji aliwaona. Dukani kwake ana kebo. "Wale wa kwenu Makete? Bluu na nyeupe? Wameimba vizuri," akasema.

"Mke wangu ulimwona?"

"Wanawake ishirini, sare moja, nitamjuaje? Yukoje?"

Nikaanza kumweleza. Mrefu kiasi, maji ya kunde, ana kovu dogo juu ya nyusi. Kila nililosema akatikisa kichwa, kovu halikuonekana. Mwishowe akasema, "Kulikuwa na mama mmoja mstari wa pili, jirani yake alitaka kuanza kabla ya wakati, akamvuta mkono wa gauni huku anaendelea kuimba kama hakuna kilichotokea." Nikamwambia ndiye huyo. Kama siye, usiniandikie kunikanusha.

Nikaona siwezi kuendelea kumficha, nikamwambia yote, kwamba nilikuwa nimeelemea dishi kwa sababu yako. Akashika ndevu. Nilidhani atakasirika. Akasema, "Gesti nimekukabidhi kama amana. Basi mpaka Ijumaa fikiri kama mtu asiye na mke, halafu uniambie wageni wangu wanafaidika na kipi."

Ndipo nilipo mpaka sasa. Fundi wa dishi anasema vipindi vya kwaya huwa vinarudiwa, ila hajui lini. Wa kebo anasema akikiona tena atanirekodia, nikimchagua au nisimchague. Hilo nalo linanivuta, na sijui kama kuvutwa huko ni haki.

Msalimie mama, umwambie sweta ile huku wasichana wanaivaa. Msalimie shemeji fundi cherehani, sare zimesifiwa na Hajji mwenyewe. Mwalimu wa kwaya mwambie mmeonekana Makambako, na Mwislamu amewasifu. Mjomba aliyevunjika mkono simsahau katika sala. Tumaini na wadogo zake wabusu kwa niaba yangu.

Nimeomba tangu jana, na tangu jana najaribu kufikiri kama mtu asiye na mke. Nimeshindwa. Ijumaa nitamwambia Hajji hivyohivyo, achague mwenyewe.

Ni mimi mumeo katika Bwana,
Baba Tumaini.