Rafu ya Mbele

Jumatatu, 3 Machi. Asubuhi ya manyunyu.

Baba, shikamoo. Natumaini goti limetulia na dawa unameza, huifichi chini ya godoro. Mimi mzima.

Jana nikifungua maboksi ya santuri kuukuu hapa dukani nilikutana na wewe! Jalada limeliwa na mende pembeni, lakini miwani ipo na suruali yako inafagia sakafu. Tajiri wangu amesikiliza upande wa kwanza mara tatu bila kuketi. Anataka kuichapisha upya, tuiweke rafu ya Nyimbo za Asili, ile ya mbele inayoonekana kutoka barabarani. Inahitajika saini yako tu kabla Aprili haijaisha. Baada ya hapo mtambo una kazi za wengine.

Bintiyo

12 Machi

Mwanangu, marahaba. Goti linanuna lakini linatembea. Umbea wa mama yako kuhusu dawa usiusikilize.

Asili? Mimi? Nilipeleka bendi yangu kwenye mashindano ya nyimbo za asili, waamuzi wakatushusha jukwaani kabla ya ubeti wa pili. "Ondoeni nyaya zenu, hapa si disko!" Nikaondoka kifua mbele, maana walisema kweli: gitaa la umeme la kwanza mtaani lilikuwa langu. Leo nikabishe hodi kwenye mlango niliofukuzwa? Niwekwe rafu ya kisasa, la sivyo saini haitoki.

Baba yako, wa kisasa

Jumatano, 9 Aprili. Ukungu mpaka saa tatu.

Baba, shikamoo. Mama hajambo? Nimekuandikia mara mbili, kimya. Rafu ya kisasa ni ya vijana wa kompyuta. Utaonekana kama babu aliyekosea harusi. Lakini sitakulazimisha. Nimemwambia tajiri asichapishe bila wewe, hata nafasi ikipita. Naumia tu kuwaachia mende wimbo ule.

Bintiyo

24 Aprili

Mwanangu, marahaba. Hujanikosea. Nilinuna, na kununa kwangu unakujua hakuna haraka.

Juzi nilipita wanapomwaga zege, nyuma ya benki. Mafundi wanapokezana ndoo, wanaimba. Wimbo wangu! Wameongeza ubeti wa msimamizi mbahili, na ndoo zinakwenda na mapigo ya gitaa langu, gitaa lenyewe halipo. Nikashindwa kujizuia, nikaitikia. Fundi mkuu akaninyooshea mwiko: "Mzee, hapo umekosea. Usituharibie, huo ni wimbo wa mababu."

"Babu yupi?"

"Utamjulia wapi? Wa zamani sana huyo. Haya, fuata nyuma yangu."

Nikafuata. Nimefundishwa wimbo wangu mpaka nikafaulu! Sikumwambia kitu, nani amnyang'anye mtu babu yake? Nimefika nyumbani kifua kimenitangulia, mama yako akadhani nimeshinda bahati nasibu.

Waamuzi walininyima, wabeba ndoo wamenipa. Saini hiyo hapo. Niweke mbele. Ila suruali isiguswe.

Baba yako, wa asili

Jumapili, 25 Mei. Asubuhi jua, upepo kidogo.

Baba, shikamoo, na Mama pia. Jana santuri zimefika. Nimezipanga mwenyewe, suruali zote zikitazama barabarani. Mteja wa kwanza, msichana wa chuo, alisikiliza kidogo akashangaa: "Huu si wimbo aliokuwa akituimbia bibi? Na huyu mwenye suruali ni nani?"

"Baba yangu," nikasema, kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia. Duka zima likageuka.

Usiku nikaupiga chumbani hadi jirani akagonga ukuta. Nikapunguza sauti, akazidi kugonga. Kumbe anafuata mapigo. Nimelala saa sita na robo.

Bintiyo