Zebaki kwenye Kikaango cha Baba

Chumba cha Cherehani,
Nyuma ya Soko.
9 Agosti

Mpendwa mdogo wangu,

Habari za siku nyingi? Hujambo huko, wifi na watoto hawajambo? Sisi huku tunapumua, tunamshukuru Mungu. Mama mguu unamsumbua, ila mdomo mzima kabisa, bado anagombana na majirani wa pande zote mbili.

Leo sikuandikii kupiga soga. Kaa chini kwanza.

Mwanangu, yule mpwa wako unayemwita Bibi Maswali, alipewa na mwalimu wa kemia kazi ya kuchunguza elementi moja. Ikamwangukia zebaki. Jumamosi nikaenda naye maktaba, nikakaa mbele ya kompyuta najifanya msimamizi. Akafungua jedwali la elementi, akabofya kisanduku cha themanini. Nikacheka, nikamwambia hiyo naijua, babu yako alikuwa nayo kwenye chupa, tukiichezea viganjani.

Kisha akafungua kamusi elezo, akasoma kwa sauti. Ikipashwa moto hutoa mvuke usioonekana wala kunuka. Anayeuvuta kwa muda mrefu hutetemeka mikono, huwa na hasira za ghafla, husahau. Yeye akaendelea kuandika tu.

Mkutubi amewafundisha wasiamini ukurasa mmoja. Nikamwambia afungue mwingine, na mwingine tena. Moyoni naomba hata mmoja ubishe. Kurasa tatu, maneno yale yale.

Unakumbuka Baba alivyofanya usonara wake. Anachanganya dhahabu na zebaki, anapaka chombo cha mtu, anakipasha kwenye kikaango mpaka zebaki ipotee, dhahabu ibaki. Na dirisha lazima lifungwe, upepo usiyumbishe moto. Mimi ndiye niliyesokomeza kitambaa chini ya mlango. Nikajiona mtoto wa maana!

Mikono ilipoanza kutetemeka tukasema pombe. Mama alimnusa mdomo mbele yetu. Wewe ulimwambia usoni, "Mzee, acha chupa," naye akaapa hajaonja hata tone. Hatukumsadiki. Amezikwa na jina la mlevi, na sisi ndio tuliompa. Nimelia mpaka macho yameniuma. Mama sijamwambia, sijui nianzie wapi.

Sasa wewe. Kikaango ulikichukua, kazi ni ile ile, na chumba ulichopanga ulisema hakina hata dirisha. Nimetoa barua zako zote sandukuni, nikazipanga kitandani. Za mwanzo mwandiko umenyooka, ule uliokuwa ukinitambia nao. Hii ya mwezi uliopita herufi zinayumba, na umeniuliza mara mbili habari za mguu wa Mama.

Usiniambie ni uchovu. Zima moto leo, watoe watoto humo ndani, nenda hospitali ukawaambie wazi kwamba ni zebaki, wakupime. Najua una kichwa kigumu, lakini safari hii nisikilize, nakusihi.

Msalimie sana wifi, nibusie watoto. Bibi Maswali anasema shikamoo mjomba. Mama anakuombea kila siku, na mimi namwomba Mungu aulinde kila mvuto wa pumzi yako.

Na usinipigie simu, maana kwa mdomo utanidanganya. Nijibu kwa mkono wako mwenyewe, niuone.

Ni mimi dada yako,
nikupendaye tangu nikikubeba mgongoni.