Utepe kwenye Kipini

Valdomiro mwanangu,

Mimi mzima, goti tu linanisumbua mvua zikianza. Kuku wa kahawia anataga tena.

Leo Genival, mwenzako wa zamu huko kwenye kituo cha umeme wa nyuklia, alipita kunywa kahawa. Akanitania, "Mama Jandira, utepe wako wa mtakatifu ndio uliokuwa bosi wetu!"

"Acha mzaha wewe, ule nilimpa mwanangu avae mkononi, mtakatifu amlinde."

Ndipo akanieleza. Kumbe uliufunga kwenye kipini cha pampu, maana vipini viwili vimekaa pamoja vinafanana kama mapacha, na zamu zote zikawa zinatafuta utepe kwanza. Wakubwa wakaung'oa, eti wageni wanakuja, ni uchafu. Wiki hiyohiyo ukashika kipini sicho, mtambo ukazimika. Mungu katuhurumia, hakuna aliyeumia.

Kumbe wamekusimamisha kazi, nami uliniambia umepewa likizo!

Anasema kesho utakiri mbele ya wakubwa kwamba ulizembea, ili yaishe. Usikiri, baba. Yule injinia mwanamke aliyeletwa kuangalia watu na mitambo wanavyopatana, mweleze habari ya utepe. Usione haya. Ukinyamaza watakufukuza, vipini vitabaki vilevile, na atakayefuata kukosea huenda asihurumiwe.

Nimemwomba Genival naye aseme. Alijikuna kichwa, akasema, "Mama, nina watoto." Kisha akamaliza kahawa, akasema atasema. Ndiye anayekupa barua hii. Usimwache asimame peke yake.

Akupendaye,
Mama Jandira